Biwi la taka nyuma ya nyumba ni mbolea inayopotea

KILA msimu wa mavuno unapomalizika, moshi hutanda juu ya mashamba katika vijiji vingi vya Tanzania. Mabua ya mahindi, maganda ya maharage na majani makavu hukusanywa na kutiwa moto ili shamba lionekane safi. Miezi michache baadaye, mkulima yule yule huhangaika kutafuta fedha za mbolea ya dukani.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2022, pale bei ya mbolea, iliyokuwa imeanza kupanda mwaka uliotangulia, ilipozidi kupaa baada ya vita vya Ukraine kuanza. Serikali ililazimika kuanzisha mpango wa ruzuku ili kuwanusuru wakulima.

Mabua yanapochomwa, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo hupotea pamoja na moshi. Jivu hubaki na potasiamu, lakini huchukuliwa upesi na upepo au mvua ya kwanza.

Samadi iliyorundikwa wazi nje ya zizi nayo hudhoofika. Naitrojeni hupeperuka kwa njia ya hewa ya amonia, ndiyo ile harufu kali ipandayo puani. Mvua nayo huosha virutubisho na kuvipeleka kisimani au mtoni, ambako hugeuka kuwa uchafu.

Wapo waliolitambua hili tangu kale. Katika vihamba vya Wachagga, mkoani Kilimanjaro, ng'ombe hufungwa zizini na kulishwa majani na vigogo vya migomba, kisha samadi yao hurudishwa kwenye migomba na mibuni. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, hulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana na kuzifunika kwa udongo katika kilimo chao cha ngoro. Nyasi huoza chini ya matuta, na mashimo yaliyo katikati huzuia maji yasiporomoshe udongo mlimani.

Kwa kaya isiyo na mfumo kama huo, njia nyepesi ni kutengeneza mboji. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji na palipo mbali na kisima. Tandaza vijiti chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka la mabua yaliyokatwakatwa, tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, na tabaka la samadi. Nyunyiza udongo kidogo na maji, kisha rudia hadi lundo lifikie kimo cha mita moja hadi moja na nusu. Lifunike kwa majani ya migomba au nyasi.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache, kichomoe na kukishika: kikiwa cha moto, kazi inaendelea vyema. Joto likizidi nyuzi 55 kwa siku kadhaa, huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji; kikinuka uvundo, maji yamezidi na hewa imepungua, hivyo ligeuze na kuongeza mabua makavu. Ligeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi, mboji huwa nyeusi, yenye kumomonyoka na harufu ya udongo uliopata mvua.

Plastiki, vioo, betri na kinyesi cha mbwa au paka visitiwe humo.

Hata hivyo, mboji si muujiza. Naitrojeni yake ni kidogo mno ikilinganishwa na ya urea, ambayo ni asilimia 46, na kubeba mikokoteni ya mboji hadi shamba la mbali ni kazi ngumu. Aidha, mfugaji huyahitaji mabua hayo hayo kwa malisho. Lakini mboji huufanya udongo ushike maji na virutubisho, hivyo hata mbolea kidogo iliyonunuliwa haipotei bure.

Mkulima anayeanza na afanye lundo moja tu, kwa ajili ya bustani iliyo karibu na nyumba. Mavuno yatakayopatikana hapo ndiyo yatakayomwambia kama kiberiti kina kazi tena shambani.