Ujenzi wa Timu ya Kulipwa ya Mpira wa Kikapu kwa Kutegemea Vijana: Funzo kwa Kibaha na Kisarawe

Timu ya kulipwa inayotegemea vijana hufanikiwa pale uteuzi unapofuatwa na malezi. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimteua Mtanzania Hasheem Thabeet kuwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Wa tatu alikuwa James Harden, aliyechukuliwa na Oklahoma City Thunder, timu iliyokuwa ikiwakuza Kevin Durant na Russell Westbrook. Mwaka 2012 watatu hao waliifikisha timu fainali, ingawa ilifungwa na Miami Heat. Thabeet alikuwa na kimo cha pekee, lakini alianza mchezo akiwa na umri wa takribani miaka 15. Msimu wake wa kwanza alipelekwa kwa muda katika ligi ya maendeleo.

Tofauti hiyo inazihusu Kibaha na Kisarawe, zenye shule za bweni kama Kibaha na Minaki. Mashindano ya UMISSETA hubainisha vipaji, lakini hudumu siku chache tu. Bweni humweka kijana mahali pamoja kwa miaka kadhaa. Hivyo, kocha wa kudumu na mazoezi ya mwaka mzima shuleni ndiyo msingi unaopaswa kutangulia uteuzi.