Kanisa Kuu la Mkunazini: Mgeni Atokaye Fizi Aone Nini?

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Baraka, Fizi au nyanda za juu za Minembwe anaweza kufika Unguja kwa njia ambayo yenyewe ni somo la historia. Huvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, hushika Reli ya Kati hadi Dar es Salaam, kisha huvuka bahari. Reli hiyo, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa inafuata mkondo wa njia ya misafara ya karne ya 19 iliyounganisha Ujiji, Tabora na pwani ya Bagamoyo. Akishafika Mji Mkongwe, hatakosa kuelekezwa Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

Lengo la makala haya ni kumsaidia mgeni huyo kulitazama kanisa hilo kwa jicho la mtafiti. Hoja yetu ni kwamba mahali pale pana tabaka tatu zilizolaliana: mambo yaliyothibitishwa kwa maandishi, mambo yanayosimuliwa, na mambo yaliyowekwa baadaye kwa ajili ya ukumbusho. Mgeni asiyezitenganisha tabaka hizo ataondoka na huzuni, lakini hataondoka na historia.

2.0 Kutoka Soko hadi Kanisa

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini lilifungwa, na uwanja wake ukaingia mikononi mwa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo.

Hapa inafaa kuonya juu ya kosa la kawaida. Wageni wengi hudhani kwamba kufungwa kwa soko ndiko kulikokomesha utumwa. Sivyo. Mkataba wa 1873 ulihusu biashara. Utumwa wenyewe uliendelea mashambani na majumbani. Amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa Unguja mwaka 1897, nayo iliwaacha nje masuria, ambao walisubiri hadi 1909. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka 20, kengele za kanisa hilo zilisikiwa na watu ambao bado walikuwa watumwa.

3.0 Ndani ya Kanisa

Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere. Alichanganya mtindo wa Kigothi wa Ulaya na nakshi za Kiarabu zilizozoeleka Unguja, na paa akaliezeka kwa zege la mawe ya matumbawe na saruji, likajikunja kama nusu ya pipa bila kuegemea nguzo ya katikati. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Kwa wasomaji wa jarida kama hili, kaburi hilo lina uzito wa pekee. Steere ndiye aliyechapisha, mwaka 1870, kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilichotumiwa na vizazi kadhaa vya wageni, pamoja na mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na Waunguja wenyewe. Kazi yake ilikipa Kiunguja sura ya maandishi mapema, na lahaja hiyo ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru. Waongozaji hueleza kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko. Karibu na lango huonyeshwa nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini, na husimuliwa kwamba mafundi walikosea Steere alipokuwa safarini. Masimulizi haya ni ya tabaka la pili: yamepokewa kwa muda mrefu, nayo yanastahili kurekodiwa kama masimulizi.

Upo pia msalaba wa mbao. Mbao hizo zinatajwa kuwa zimetokana na mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Mwili wake ulibebwa hadi pwani na Waafrika aliofuatana nao, wakiwamo Chuma na Susi, ukazikwa London mwaka 1874. Mgeni anapoutazama msalaba huo asimkumbuke mwenye moyo peke yake. Awakumbuke na waliobeba.

4.0 Vyumba vya Chini na Sanamu

Kando ya kanisa lipo jengo liitwalo kwa jina la Mtakatifu Monika. Chini yake kuna vyumba viwili vyenye dari fupi na matundu madogo ya hewa, na humo watalii huelezwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kuuzwa. Hapa ndipo penye utata mkubwa kuliko kwingine kote Mkunazini. Wanahistoria wameeleza kwamba jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya huduma za hospitali. Likiwa ni hivyo, vyumba vyake haviwezi kuwa vilitumika kwa kazi inayosimuliwa.

Je, utata huo unapunguza uovu wa soko? Hata kidogo. Soko lilikuwapo, mikataba, barua za mabalozi na maandishi ya wasafiri yanalithibitisha. Lakini ushahidi wa kweli ukichanganywa na usio wa kweli, anayetaka kuukanusha utumwa hupewa silaha bure: atakionyesha chumba kimoja kisicho cha kweli ili atilie shaka yote.

Nje, ndani ya shimo, zipo sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Sanamu hizo ni za tabaka la tatu. Hazidai kuwa masalio. Ni ukumbusho unaojitambulisha kuwa ukumbusho, na kwa sababu hiyo hazimpotoshi mtu.

5.0 Mgeni Atokaye Magharibi ya Ziwa

Msomaji wa Fizi atauliza: je, watu wetu walipita hapa? Jibu linahitaji tahadhari. Katika miaka ya 1860 watumwa wengi walioingizwa Unguja walipitia Kilwa, wakitoka pande za Ziwa Nyasa. Misafara ya Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika hasa kutafuta pembe za ndovu. Mateka waliochukuliwa magharibi ya ziwa wengi walibakizwa njiani, Ujiji na Tabora, wakiwa wapagazi, wakulima na watumishi. Huko jina la Wamanyema likaja kuwakusanya watu wa makabila mengi ya Kongo ya mashariki, Wabembe wakiwamo. Anayetafuta nyayo za wahenga wake basi asiishie Mkunazini. Ujiji, iliyo karibu na kwao, huenda ikamjibu zaidi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linalomfunga moja kwa moja na Unguja, nalo ni lugha. Njia iliyowapeleka mateka mashariki ndiyo iliyokileta Kiswahili magharibi. Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana, jina linalotokana na waungwana, yaani watu huru, kinyume cha watumwa. Wafuasi wa misafara walijiita hivyo walipofika Manyema, hata wale ambao pwani wasingehesabiwa kuwa waungwana. Jina la lugha likahifadhi hamu ya msemaji ya kutokuwa mtumwa.

6.0 Hitimisho

Kanisa la Mkunazini ni nyumba ya ibada inayosaliwa hadi leo. Mgeni aingie kwa adabu na ajiepushe na saa za sala. Aanzie kwenye maonyesho ya historia ya utumwa yaliyofunguliwa hapo mwaka 2016, ndipo aingie kanisani. Kwa kila anachoonyeshwa ajiulize maswali matatu: nani alikiandika, nani anakisimulia, na nani alikiweka hapa, lini? Waliouzwa pale hawakuachiwa nafasi ya kuandika habari zao. Deni letu kwao ni kutoandika kwa niaba yao jambo tusilolijua.