Matokeo ya Mashindano: Lahajedwali au Hifadhidata?

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwapa wafanyabiashara, lakini inatuhusu pia sisi wanamichezo. Bao likishafungwa na refa akapuliza kipenga cha mwisho, kinachobaki ni maandishi. Maandishi yakienda kombo, timu iliyotoka jasho itabaki nyumbani, na ile iliyoshindwa itapanda basi kwenda mashindano ya kaunti ikiimba! Kwa hivyo, namna ya kuhifadhi matokeo si jambo la wapenzi wa tarakilishi peke yao. Ni jambo la haki.

Tarakilishi inatupa njia mbili kuu za kufanya kazi hii. Kuna lahajedwali, mfano wake ukiwa Excel, na kuna hifadhidata, mfano wake ukiwa Access au MySQL. Wengi huchagua ile waliyoizoea, wengine huchagua ile inayosikika kuwa ya kisasa zaidi. Hebu tuzichambue moja baada ya nyingine, kisha uamue mwenyewe.

Lahajedwali ni nini?

Chukua daftari lako la hesabu lenye miraba. Hiyo ndiyo sura ya lahajedwali: safu za kulala, safu za kusimama, na visanduku vingi katikati. Ndani ya kisanduku unaweza kuandika jina, nambari au fomula. Uzuri wake uko kwenye fomula. Ukibadilisha nambari moja, hesabu zote zinazoitegemea hujibadilisha papo hapo. Lahajedwali ya kwanza kuvuma kwenye tarakilishi ndogo iliitwa VisiCalc. Ilitengenezwa na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1979.

Kwa mashindano madogo, chombo hiki ni kiboko yao. Tuseme shule ina nyumba sita na kila nyumba inacheza na kila nyingine mara moja. Hizo ni mechi 15 tu. Zikiwa nyumba nane, ni mechi 28. Mechi kama hizo zinaenea kwenye ukurasa mmoja, na yeyote aliyepita darasa la tarakilishi anaweza kuufungua na kuusoma.

Lakini lahajedwali ina ujanja wake. Andika matokeo 3-1 katika kisanduku kimoja cha Excel, kisha bonyeza kitufe cha kuendelea. Kumbe mashine imeyageuza kuwa tarehe, ati ni siku fulani ya Januari au Machi! Usicheke. Wataalamu wa jeni za binadamu walisumbuliwa na tabia hiyo hiyo, manake jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuzwa kuwa tarehe. Ilipofika mwaka wa 2020, miongozo mipya ya kuzipa jeni majina ilikuwa imezibadilisha na kuziita MARCHF1 na SEPTIN1. Kwa upande wetu dawa ni rahisi: mabao ya timu ya kwanza yawe na safu yake, na ya timu ya pili yawe na safu yake. Hapo tarakilishi itaweza hata kuyajumlisha.

Ujanja wa pili ni majina. Mmoja ataandika "Kidato cha 2 Mashariki", mwingine "2 Mashariki", na mwingine mwenye haraka "2M". Wewe na mimi tunajua ni timu moja. Tarakilishi haijui, kwayo hizo ni timu tatu. Alama zitagawanyika, na timu iliyokuwa ya kwanza itajikuta mkiani.

Ujanja wa tatu ndio mbaya zaidi. Watu wengi huandika msimamo wa ligi moja kwa moja kwa mkono. Timu ikishinda mabao 2 kwa 1, mwandishi anabadilisha michezo, ushindi, mabao ya kufunga, ya kufungwa, tofauti na alama za mshindi, kisha michezo, kushindwa, mabao na tofauti ya aliyeshindwa. Hesabu vizuri: ni visanduku 11 kwa mechi moja! Kikisahaulika kimoja, msimamo ni wa uongo na hakuna atakayejua kosa liko wapi. Njia iliyo salama ni kuandika kila mechi mara moja katika ukurasa wa mechi, kisha kuziachia fomula kazi ya kujenga msimamo.

Na hifadhidata je?

Hifadhidata nayo hutumia majedwali, lakini majedwali yake yanajuana. Mfano uko hapa hapa shuleni. Wewe una nambari ya usajili. Mwalimu wa darasa anaitumia, mhasibu wa karo anaitumia, na mtunza maktaba vilevile. Hakuna anayeandika upya habari zako zote, manake nambari moja inatosha kukutambulisha. Hifadhidata hufuata wazo hilo. Kuna jedwali la timu, la wachezaji, la mechi, na la matukio ya mechi kama vile mabao na kadi. Kila timu ina nambari yake, na jina lake limeandikwa mahali pamoja tu. Mpango huu wa majedwali yanayounganishwa ulielezwa na Mwingereza Edgar Codd mwaka wa 1970, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani.

Faida yake ni kwamba inaweza kuwekewa sheria, nayo ikazisimamia kama mlinzi wa lango. Ukiiamuru isipokee mechi ya timu isiyosajiliwa, haitaipokea. Ukiiamuru isikubali timu icheze na yenyewe, itakukatalia katakata. Tena, watu kadhaa wanaweza kuingiza matokeo kwa wakati mmoja bila mmoja kufuta kazi ya mwenzake.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Hifadhidata hudai mipango kabla ya mechi ya kwanza, nayo humhitaji mtu anayeielewa. Hebu fikiria imejengwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne. Akishamaliza mtihani na kwenda zake, nani ataifungua? Hazina iliyopotea ufunguo haina tofauti na jiwe.

Senegali na kadi za njano

Sasa wacha nikupe mfano wa kweli uone uzito wa jambo hili. Mwaka wa 2018 Kombe la Dunia lilichezewa Urusi. Katika Kundi H, Kolombia ilimaliza na alama 6 na Polandi 3. Katikati walibaki Japani na Senegali, kila mmoja akiwa na alama 4. Tofauti ya mabao ikaangaliwa, wako sawa. Mabao ya kufunga, kila mmoja ana manne. Mechi yao wenyewe ilikuwa sare ya 2-2. Basi ikabidi kadi zihesabiwe. Japani walikuwa na kadi 4 za njano na Senegali 6. Japani wakasonga mbele, na Senegali wakafunga virago. Kwa kuwa timu nyingine nne za Afrika zilikuwa zimekwisha kutoka, bara letu likabaki bila mwakilishi katika raundi ya 16.

Jiulize, ndugu msomaji: je, kama mwandishi wa matokeo angekuwa amehifadhi mabao peke yake? Swali la kadi lingejibiwaje? Hapa ndipo tofauti ya vyombo hivi viwili inapoonekana. Mechi moja ina timu mbili daima, kwa hivyo inatosha kwenye safu moja ya lahajedwali. Lakini mechi hiyo hiyo yaweza kuwa na kadi saba, au isiwe na hata moja. Utaziweka wapi? Ukiongeza safu za "kadi ya 1", "kadi ya 2" na kadhalika, ukurasa utarefuka kama treni ya mizigo. Katika hifadhidata, kila kadi ni mstari wake katika jedwali la matukio, ukitaja mechi, mchezaji na dakika. Ziwe tatu, ziwe mia tatu, umbo la jedwali halibadiliki.

Wakati huo huo tusidharau lahajedwali. Kundi H lote lilikuwa na mechi 6 tu. Mtu mmoja mwenye lahajedwali, ukurasa mmoja wa mechi na mwingine wa kadi, angemaliza kazi hiyo bila taabu. Kinachoamua ni maswali yatakayoulizwa kesho.

Uchague vipi?

Kabla ya kuwasha tarakilishi, jiulize haya. Je, ni shindano moja au ni kumbukumbu za miaka mingi? Je, anayeandika ni mmoja au ni wengi? Je, tunataka msimamo tu, au tunataka pia kujua nani alifunga, nani alionyeshwa kadi, na nani amewahi kucheza kwa miaka mitatu mfululizo? Na je, tukiondoka, yuko wa kutupokea kijiti?

Ikiwa ni shindano moja, mwandishi mmoja na maswali machache, chukua lahajedwali wala usione haya. Ikiwa ni miaka mingi, mikono mingi, na mambo mengi yanayoshikana, jenga hifadhidata, na ufundishe angalau wawili wa kidato cha pili kuitumia. Kama huna uhakika, anza na lahajedwali iliyopangwa vyema: mechi moja safu moja, jina moja kwa kila timu, na msimamo unaotokana na fomula. Data iliyopangwa hivyo huhamishwa baadaye kwenye hifadhidata bila jasho jingi.

Chombo chochote utakachochagua, zingatia mambo mawili. Kwanza, weka nakala mahali pengine, manake diski huharibika na umeme hupotea. Pili, usitupe ile karatasi iliyotiwa sahihi na refa pamoja na manahodha wa timu zote mbili. Tarakilishi hujumlisha ilichoambiwa tu. Ikiambiwa uongo, itaujumlisha uongo huo kwa usahihi kabisa. Siku ubishi utakapozuka, karatasi hiyo ndiyo shahidi.

Kwa hayo machache, naweka kalamu chini. Mchezaji amefanya sehemu yake uwanjani. Sehemu iliyobaki ni yako wewe mwenye kalamu, au mwenye kibodi. Usimnyang'anye kwa uzembe alichokipata kwa jasho. Alamsiki!