Kabla mtoto hajashuka Kerio kwa baiskeli

LIKIZO ikifika, mtoto aliyezoea kuzunguka na baiskeli kwenye uwanja wa kanisa huanza kuomba ruhusa ya kwenda mbali. Kwa familia za Eldoret, Iten na vijiji vya ukingo wa Bonde la Ufa, huko mbali kuna jina: Kerio.

Wenzake wameshamwambia kwamba ukifika Iten unaiachilia tu baiskeli, hukanyagi pedali mpaka chini. Wamesema kweli, na hapo ndipo penye hatari.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya lami inapita Tambach, inateremka kwa kona baada ya kona hadi Biretwo, kisha inavuka Mto Kerio karibu na korongo la Chebloch na kuanza kupanda tena Milima ya Tugen hadi Kabarnet. Kutoka Eldoret hadi Kabarnet ni takriban kilomita 90. Katika kipande cha Iten hadi Biretwo peke yake, mtoto anashuka zaidi ya mita 1,000. Asubuhi anaanza safari akiwa amevaa sweta na glavu, na kabla ya saa sita anatafuta kivuli cha mwembe.

Ni mojawapo ya barabara nzuri zaidi nchini kwa mwendesha baiskeli. Sioni sababu ya kumnyima kijana wako, wala binti yako, raha hiyo. Lakini kuna mpangilio wa kumzoesha, na wazazi wengi huuanza kinyume kwa sababu kushuka kunaonekana rahisi.

Anzeni chini. Pakieni baiskeli kwenye pikapu au matatu, mshukie Biretwo, mwendeshe kuelekea darajani na kurudi. Sehemu hii haina miinuko mikali, na barabara inakwenda katikati ya vichaka vya migunga na mashamba ya maembe. Mtoto wa miaka 10 anayejua kukaa kushoto mwa barabara ataimudu akiwa na mtu mzima nyuma yake. Tatizo la huku ni jua. Ondokeni saa moja asubuhi, kila mmoja awe na lita mbili za maji, na saa nne na nusu muwe mmemaliza. Mtoto akisema kichwa kinamuuma au akiacha kutoka jasho, safari imeisha. Mwekeni kivulini, mmwagieni maji.

Mkifika Chebloch mtawakuta vijana wanaojirusha mtoni kutoka juu ya majabali ili wageni wawape chochote. Ni wazoefu wa pale, wamekua na maji hayo. Mtoto wako hajakua nayo, na Kerio ina mamba. Tazameni mkiwa juu, mshike mkono wa mdogo, mpige picha, mwondoke.

Hatua ya pili ni kupanda. Najua inasikika kama adhabu. Lakini anayepanda kutoka Biretwo kuelekea Tambach anakwenda polepole, na anayekwenda polepole akianguka anachubuka goti tu. Wakati huohuo anajifunza barabara: wapi pana kona iliyofunga, wapi mawe huporomoka kutoka genge mvua ikinyesha, wapi lori hutanua na kuingia upande wake. Siku atakayoshuka, hakuna kona itakayomshangaza. Asione haya kushuka na kuisukuma. Hata watu wazima huisukuma pale.

Mteremko uwe wa mwisho, na kwa maoni yangu usiwe wa mtoto aliye chini ya miaka 13. Sababu si ujasiri, maana watoto wa miaka 10 wana ujasiri kutuzidi. Sababu ni vidole. Mkono mdogo huchoka kubana breki kwa dakika 30 mfululizo, na breki nyingi za baiskeli za mtumba zimetengenezewa mkono wa mtu mzima.

Mzazi anapaswa kuelewa kinachotokea kwenye breki. Zile za mipira inayobana rimu hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano ni joto. Mtoto mwoga hubana breki kidogokidogo bila kuachia kutoka juu hadi chini. Rimu inapata moto, mipira inalainika na kupoteza nguvu, na joto likizidi tyubu inaweza kupasuka akiwa katikati ya kona. Mfundishe kinyume: abane kwa nguvu kabla ya kona, apunguze mwendo hadi aridhike, aachie, apite, kisha abane tena. Atumie breki zote mbili, makalio yakiwa yamesogea nyuma ya kiti. Akibana ya mbele peke yake kwa ghafla atarushwa juu ya usukani. Kila baada ya kilomita mbili au tatu msimame, baiskeli ipoe, mtazame bonde. Kama ni breki za diski, asiguse ile sahani ya chuma, inaunguza vibaya.

Siku moja kabla, peleka baiskeli kwa fundi na usimame hapo. Mwambie abadilishe mipira ya breki hata kama anasema bado inasukuma siku. Kagua nyaya za breki pale zinapoingia kwenye mkono wa usukani. Uzi mmoja ukiwa umekatika, waya mzima ubadilishwe. Ile Black Mamba ya babu, yenye breki za vyuma, ni nzuri kubeba magunia lakini siyo ya kuteremkia Tambach.

Helmeti si mapambo. Ikae wima kwenye paji la uso, mkanda ubane kidevuni kiasi cha kupitisha vidole viwili tu. Suleiman Kangangi, mmoja wa waendesha baiskeli hodari kabisa ambao Kenya imewahi kuwa nao, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa kasi kwenye mashindano huko Vermont, Marekani. Alikuwa mzoefu, na alikuwa baba. Silitaji jina lake kuwatisha watoto. Wengi wao wanampenda, kama wanavyompenda Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa na David Kinjah kule Kikuyu kabla ya kushinda Tour de France mara nne. Nalitaja kwa sababu kijana wa miaka 15 akisikia kwamba hata bingwa huanguka, huacha kubishana kuhusu kasi.

Wengine hutaka kuendelea na bonde kuelekea kaskazini, Tot na Chesongoch. Mandhari huko ni ya ajabu, ila uvamizi wa wezi wa mifugo umesumbua eneo hilo kwa miaka mingi, na msimu wa mvua maporomoko ya udongo yameua watu kwenye genge. Mimi singempeleka mtoto huko kwa baiskeli. Kipande cha Kabarnet nacho kiachieni vijana waliokomaa. Kupanda Tugen mchana, baada ya joto la darajani, kumewashinda wengi wenye miguu mizuri.

Kwa mdogo ambaye bado hajaruhusiwa kushuka, barabara za udongo nje ya Iten zinatosha kabisa. Alfajiri atawakuta wanariadha wakikimbia kwa makundi. Awapishe, apige kengele mapema, asijaribu kushindana nao kwenye mlima, kwa kuwa watamwacha.

Kuhusu kurudi: matatu za njia hii hupakia baiskeli juu ya keria, lakini nauli yake haina bei maalumu. Elewaneni kabla haijapandishwa, fungeni magurudumu kwa kamba yenu wenyewe, na maembe myanunue Biretwo kabla ya kuingia garini.