Paa la Darasa, Shimo la Sirikwa: Kufundisha Maji Kapsoya

Somo la maji likiisha, usilipime kwa kutazama kilichobandikwa ukutani. Mwite mtoto mmoja umuulize: umepata ngapi, na umejuaje? Akibabaika, mikono yake ilikuwa kazini lakini kichwa kilikuwa likizo. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, shule zetu zimechora mzunguko wa maji mara zisizohesabika: mishale ya buluu inapanda, wingu linatabasamu, mvua inashuka. Wazazi nao wametafuta manila na gundi madukani saa mbili usiku. Sina ugomvi na krayoni. Shida ni kwamba mchoro huo ni uleule Kapsoya hapa Eldoret na Kwale kule pwani, na hakuna mtoto anayeweza kubishana nao.

Kapsoya ina vitu ambavyo mitaa mingi ya Kenya haina. Kuna kituo cha hali ya hewa. Kuna mtambo wa kusafishia maji wa ELDOWAS, kampuni ya maji ya mji. Mto Sosiani unakatiza Eldoret, na uwanda wote wa Uasin Gishu una mashimo yaliyochimbwa na watu walioishi hapa karne nyingi zilizopita. Mwalimu hahitaji kukodi basi la kwenda mbali.

Aanze na chupa. Tafuta ya maji ya lita moja na nusu, yenye ubavu ulionyooka, uikate pale inapoanza kupinda kuelekea shingoni. Kile kipande cha juu kigeuze, mdomo chini, kiwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde; tia kokoto, kisha maji mpaka yafike pale ubavu unapoanza kunyooka, na hapo ndipo sifuri. Bandika rula kuanzia hapo. Kwa kuwa mdomo wa faneli na tumbo la chupa vina upana mmoja, milimita ya rula ndiyo milimita ya mvua, bila hesabu yoyote. Kipimo kikae uwanjani, mbali na paa na miti, na kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo wapimaji wa Idara ya Hali ya Hewa husoma chao. Baada ya kusoma, maji yarudishwe hadi sifuri.

Mwisho wa mwezi, daftari la darasa lilinganishwe na takwimu za kituo cha Kapsoya. Hazitalingana, na hapo ndipo somo linapoanza. Je, chupa iliinama? Kuna aliyesahau kusoma Jumapili? Au ni mvua yenyewe? Mvua zetu za alasiri zina upendeleo: Kapsoya inalowa chepechepe, wa mtaa wa Langas wanashinda na vumbi. Mtoto aliyejieleza kuhusu tofauti ya milimita sita amejifunza sayansi zaidi ya yule aliyekariri maana ya mvukizo.

Kutoka kwenye chupa, macho yapande kwenye paa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ni lita moja kamili, kwa hiyo mvua ya milimita 20 humwaga mtungi mmoja wa lita 20 juu ya kila mita mraba. Darasa lenye paa la mita 8 kwa 7 hupokea mitungi 56 kwa mvua ya siku moja tu. Watoto wapime kwa hatua na kamba, lakini wapime ardhini, chini ya paa, si kwenye mwinamo wa mabati. Mvua inayoshuka wima haijali paa limeinama kiasi gani. Eneo linalohesabika ni la ardhi iliyofunikwa na paa. Hata watu wazima hukosea hapo. Kisha waondoe karibu moja kwa tano kwa yale yanayoruka pembeni au kuvuja kwenye gata, ibaki kama mitungi 45. Waulize sasa tangi la shule lina ukubwa gani, na maji mengine yanakwenda wapi.

Yanakwenda mbali. Mvua ya Kapsoya huingia Sosiani, Sosiani huingia Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia hufika Ziwa Victoria. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja, yakashika Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Lakini panda barabara ya Iten, kama kilomita 35 tu, mpaka ukingo wa bonde. Tone linaloangukia upande wa pili wa ukingo ule huteremka hadi Mto Kerio na kuishia Ziwa Turkana, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Kulionyesha hilo, kila mtoto afinyange karatasi, aikunjue nusu iwe milima, apake wino wa kalamu inayochujuka juu ya matuta, kisha anyunyizie maji. Wino utaonyesha mito yenyewe, na kila mmoja atatafuta mstari unaotenganisha mto na mto.

Wakishaupata, waambie kuhusu bwawa la Chebara. Liko Elgeyo Marakwet, kwenye Mto Moiben, na maji yake husafiri kwa bomba hadi Eldoret. Moiben nao ni tawi la Nzoia. Maji yaliyotekwa kule yanapita jikoni mwetu, yanaosha masufuria, na yakishasafishwa huishia Sosiani, hatimaye yakutane na ndugu zao chini kabisa. Kaunti mbili zimebishana kwa miaka kuhusu nani anufaike na mapato ya maji hayo. Ligawe darasa mara mbili, wabishane. Mwalimu asiwe hakimu.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la mashimo ya Sirikwa. Watu wengi wa Uasin Gishu wameyaona bila kujua wameona nini: mabonde ya duara yaliyoota nyasi, mengine yamezungushiwa ukuta wa mawe kwa ndani. Mapokeo ya Kikalenjin huyahusisha na Wasirikwa waliotangulia hapa. Mwanaakiolojia John Sutton aliyachunguza katika miaka ya 1960 na kuonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yakiwa na nyumba zilizoungana nayo ubavuni. Zama zake ni kuanzia karibu mwaka 1200 hadi karne ya 18 hivi.

Usiwaambie watoto hayo mapema. Wape kwanza sinia la udongo wa mfinyanzi ulioinamishwa upande mmoja, wachimbe shimo dogo la duara, kisha wakate mlango. Kundi moja liweke mlango upande wa juu, jingine ubavuni, la tatu upande wa chini. Wamwage maji polepole kwa kopo lililotobolewa. Zizi lenye mlango wa juu linageuka kidimbwi. Lile la mlango wa chini linajimwaga lenyewe. Hapo ndipo uwaambie: Wasirikwa walichimba mashimo yao kwenye miteremko, wakaweka mlango upande wa chini, na samadi na matope waliyoyatoa wakayarundika karibu na mlango. Vichuguu hivyo bado vinaonekana. Watoto wamefikia uamuzi wa fundi wa miaka mia nane iliyopita kwa sinia na kopo. Mkienda kuona mashimo halisi, ombeni ruhusa ya mwenye shamba, na majembe yabaki shuleni.

Jirani zetu Wamarakwet wana somo gumu zaidi. Mifereji yao, iliyojengwa vizazi vingi vilivyopita, huteremsha maji kutoka milimani hadi mashamba ya Bonde la Kerio, na kila ukoo una zamu yake inayohesabiwa kwa saa. Shuleni, chimbeni mfereji mmoja kwenye mteremko, makundi manne yawe koo nne, maji yawe mtungi mmoja, na saa iwe ya mwalimu. Kundi la mwisho litalalamika kabla ya dakika kumi kwisha. Waache watunge sheria zao, kisha wazilinganishe na za Wamarakwet, ikiwemo ile desturi ya kuwazuia wanawake wasiguse kazi ya mfereji. Wasichana wa Gredi ya 6 watakuwa na la kusema.

Kuhusu kile kichujio cha mchanga, kokoto na mkaa ndani ya chupa, nina shaka nacho. Ni kizuri kwa macho, lakini mtoto huona maji yameng'aa akadhani yanafaa kunywa. Kikifundishwa, kiambatane na sufuria na kipimajoto. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharagwe yetu hukawia kuiva. Katika mwinuko kama huu ushauri ni kuyaacha yatokote kwa dakika tatu nzima.

Januari na Februari, chupa ya mvua ikikaa tupu, geuzeni kipimo. Masinia mawili yenye maji ya kina kimoja, moja juani, jingine chini ya mti, na rula ileile kila asubuhi saa tatu: milimita ngapi zimepotea hewani? Yafunikwe kwa wavu wa kuku, la sivyo mbwa wa mtaani watayanywa matokeo yote.