Kutafuta Rupia za Mjerumani Wakati wa Kipupwe

Mavuno yakiisha na mashamba yakibaki wazi, katika baadhi ya vijiji vya Nyanda za Juu Kusini huanza kazi nyingine ambayo bwana shamba hakuifundisha. Vijana, na wazee pia, hutembea na mashine ya kutafutia madini wakitafuta rupia na vitu vilivyoachwa na Wajerumani. Kazi hii huangukia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, na kule Kitulo umande wa alfajiri huganda juu ya majani.

Leo sisemi juu ya kupata au kukosa. Nasema juu ya mwili wa huyo anayetafuta.

Kwamba vitu vya zamani vimo ardhini si uongo. Rupia za Kijerumani zilianza mwaka 1890. Kwanza rupia moja ilikuwa pesa 64, na baada ya mwaka 1904 ikawa heller 100. Mwaka 1916, vita vilipowazuia kuleta fedha kutoka kwao, Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora. Nyingine zilitokana na shaba ya maganda ya risasi, na iko ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Oktoba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita Ubena, ambako ndiko Njombe, likamwacha hapo Jenerali Wahle na wagonjwa wengine, kisha likaelekea nchi ambayo sasa ni Zambia. Mimi najiuliza: jeshi linaloacha wagonjwa wake njiani lilikuwa na wapagazi wa kubeba masanduku ya dhahabu? Basi jihadhari na yule anayekuuzia ramani.

Mashine yenyewe haijui rupia. Ile sahani ya duara hupeleka nguvu ya sumaku ardhini, na ikikuta chuma chochote hulia. Hulia kwa msumari, kwa kizibo cha soda, kwa jembe bovu, na hulia kwa kombora la vita lililolala tangu 1917. Ukiona kitu kizito cha chuma chenye umbo la chupa au la nanasi, usikigonge wala usikitikise. Weka alama kwa mbali, ondoka, mwambie mwenyekiti wa kijiji aite polisi. Na kumbuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikuruhusu kuchimba mabaki ya kale bila kibali.

Sasa baridi. Mtu akichimba hutoka jasho. Shati hulowa, kisha anasimama kusikiliza mashine huku upepo ukimpiga, au anaingia katika shimo lenye maji hadi magotini. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa tupu. Mwili wenye afya una joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35 ni hatari. Mwanzo mtu hutetemeka. Baadaye ulimi unakuwa mzito, anapepesuka, na kutetemeka kunakoma. Wenzake hucheka wakisema amelewa, kumbe ndipo hali imekuwa mbaya. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi hadi kichwani, mpe uji wa moto kama anaweza kumeza, kisha mpeleke zahanati. Pombe usimpe. Pombe huleta joto kwenye ngozi tu, nalo hupotea nje, na ndani ya mwili baridi huzidi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la usiku. Wachimbaji hulala kwenye kibanda au turubai karibu na mashimo. Baridi ikizidi huingiza jiko la mkaa ndani, hufunga mlango, huziba nyufa kwa magunia. Asubuhi hawaamki. Kijijini hutangazwa kwamba mizimu inayolinda mali ya Mjerumani imewaua. Mzee mmoja alinieleza hivyo kwa uhakika kabisa, nami nikamwuliza jiko lilikuwa wapi. Akasema, lilikuwa katikati yao.

Mkaa unaowaka penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozi. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu huzunguka bila kubeba oksijeni ya kutosha. Wengi hudhani mkaa ulioiva vizuri, usio na moshi, hauna madhara. Sivyo, ndio unaodanganya. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukiona wawili au watatu wanaumwa kichwa pamoja ndani ya kibanda kimoja, usiwape panadol walale. Watoe nje wote, kisha toa jiko. Aliyezimia apelekwe hospitali yenye oksijeni, hata kama amezinduka njiani. Ukitaka joto la usiku, ota moto nje, zima kabisa, ndipo uingie na blanketi mbili. Mchanga mkavu uliopashwa moto na kufungwa ndani ya gunia husaidia pia miguuni.

Limebaki la misumari. Vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi havisikii vinapokatwa, na kijana hugundua jeraha jioni. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni miaka mingi. Akina mama wengi wamechanjwa kliniki wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi hawajachanjwa tangu utotoni, nao ndio wachimbaji. Osha jeraha kwa maji mengi safi na sabuni. Usipake samadi, majivu wala mafuta ya taa. Nenda zahanati siku hiyo hiyo uulizie chanjo. Pepopunda huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21: taya hukaza, shingo hukaza, tumbo huwa gumu kama ubao. Hapo usipite kwa mganga wa ramli. Tafuta gari, nenda hospitali.