Sikio Halina Mpaka, Mdomo Unao

Boksi limefika Haydom kutoka Marekani, na ndani yake mna redio mbili za upepo zenye GPS. Aliyezileta anaweza kuwa ndugu aliyekuja likizo, daktari wa kujitolea au mtafiti. Mwenye mali anatoka nazo uani, anaziwasha, anasubiri. Dakika tano zinapita na kioo bado kinaandika kwamba kinatafuta setelaiti. Mtu mmoja pembeni anasema zimeharibika njiani.

Hazijaharibika. Zinadhani bado ziko Chicago. Zilipozimwa mara ya mwisho zilitunza kumbukumbu ya mahali zilipokuwa, pamoja na ratiba ya setelaiti zinazopita juu ya anga la huko. Zikiwashwa hapa Haydom, nyuzi 4 na ushei kusini mwa Ikweta, zinatafuta setelaiti ambazo saa hiyo ziko upande mwingine wa dunia. Inabidi zijifunze upya. Ratiba kamili ya setelaiti zote hutumwa kidogo kidogo, na kuipokea yote huchukua dakika 12 na nusu. Ziweke mahali peupe, mbali na bati na miti, uziache robo saa bila kuzigusa.

Nimeanza na hilo kwa sababu linaonyesha kitu ambacho wengi hawakioni: ndani ya kifaa hicho kimoja mna viumbe wawili. Mmoja anasikiliza tu, mwingine anasema. GPS ni sikio. Haitumi chochote angani. Setelaiti zisizopungua 24 huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikimaliza mizunguko miwili kwa siku, na kila moja imebeba saa za atomiki. Inachotangaza setelaiti ni mahali ilipo na saa inayosoma. Kifaa chako kinapima ujumbe huo umechelewa kiasi gani kufika. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Setelaiti tatu zingetosha kukuonyesha ulipo. Ya nne inatakiwa kwa sababu saa iliyomo mkononi mwako ni ya bei nafuu na lazima isahihishwe kila mara.

Tangu tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi wanayotumia raia, mfugaji wa Kidatoga kule Basotu anapata usahihi uleule wa mita chache anaoupata mtu wa New York, bila kulipa senti. Sikio hilo limefanya kazi kubwa jirani na hapa. Mwaka 2014 kundi la watafiti, akiwemo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, lilichapisha matokeo ya Wahadzabe 44 waliovaa GPS walipokwenda kutafuta chakula. Safari 342 zilirekodiwa. Karibu nusu yazo zilikuwa na mtindo mmoja: hatua fupi fupi nyingi za kupekua eneo, kisha mwendo mrefu wa ghafla kuhamia kwingine. Mtindo huohuo umeonekana kwa papa na kwa nyuki.

Tahadhari moja kwa wenye ramani za karatasi. Ramani zetu za zamani za serikali, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. GPS kutoka dukani imewekewa mfumo wa dunia, WGS84. Ukihamisha namba za kioo moja kwa moja kwenye karatasi, unakosea kama mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Kwenye makorongo ya kuteremkia Yaeda Chini, mita 300 ni korongo jingine kabisa. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe mfumo. Ni kazi ya dakika moja.

Sasa mdomo. Baadhi ya vifaa hivi, kama Rino za Garmin, huweza hata kumtumia mwenzako mahali ulipo kwa njia ya redio, ukamwona kama nukta kwenye ramani yake. Ni uvumbuzi mzuri sana. Lakini redio ya toleo la Marekani husema kwenye masafa ya megahezi 462 na 467, yaliyotengwa huko kwa matumizi ya familia na ya jumla. Ulaya walitenga megahezi 446. Kila nchi hugawa anga lake yenyewe, na ruhusa ya Marekani haisafiri ndani ya boksi. Huko kwao kwenyewe, chaneli zenye nguvu kubwa zinadai leseni.

Utasikia watu wakisema: huku porini nani atanisikia? Hapo ndipo ningependa tutulie kidogo. Redio hizi hutumia mtindo wa FM, na FM ina tabia ya ukatili. Mawimbi mawili yakikutana kwenye masafa mamoja, sauti hazichanganyiki kama za watu wawili sokoni. Yenye nguvu humeza dhaifu, na msikilizaji hajui hata kama kulikuwa na mwingine aliyekuwa akiita. Redio yako ya wati mbili iliyo karibu inaweza kufuta wito wa mlinzi au muuguzi aliye mbali. Wala wewe hutajua, kwa sababu redio hizi zina namba ziitwazo za siri. Namba hizo hazifichi maneno yako. Zinaziba masikio yako tu usisikie wengine, ukadhani chaneli ni tupu.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafukia makazi ya Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Siku kama ile, masafa safi yana thamani ya damu.

Na ile ahadi ya maili 35 iliyoandikwa kwenye boksi? Ni kweli ukiwa kileleni mwa Hanang, kwenye mita 3,400 na zaidi, unaongea na mtu aliye tambarare bila kizuizi. Mawimbi ya masafa haya huenda karibu kama mwanga: kilima kikiingia kati, yamekwisha. Watu wawili waliosimama kwenye uwanda tupu, upeo wao ni kilomita 9 au 10. Ndani ya miti na mabonde, hesabu kilomita moja au mbili ushukuru. Chaja nayo uiangalie kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230V utaiunguza.

Sheria yetu ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetumia masafa, na kifaa chenyewe kithibitishwe na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Safari kutoka Haydom ni ndefu, najua, lakini uliza kabla ya kununua, si baada ya kifaa kuzuiwa forodhani.

Kwa hiyo ndugu yako akipiga simu kutoka Minneapolis akuulize akuletee nini, mwambie alete GPS isiyo na redio. Hiyo utaitumia Haydom, Yaeda au Hanang bila kumkosea mtu. Redio za kuongelea zinunueni hapa nchini, zilizothibitishwa, zikiwa zimewekewa masafa yaliyoandikwa kwenye leseni yenu.